Kiti cha Pili Kipo kwa Baba Mkwe

Kabla sijaoa, Ng'ambo nzima, mtaa wetu huku Unguja, ilikuwa inajua kuwa nna wake wawili. Bi Mkubwa alikuwa mweusi, mpana kwa nyuma, akikohoa asubuhi kuku wa jirani wanahama uwanja. Bi Mdogo alikuwa mwekundu, mzuri kuliko mwenziwe, lakini mgonjwa, haipiti wiki hajalazwa. Msinitolee macho. Zote mbili zilikuwa gari. Gari za michezo za Kijapani, za zamani, zenye mashine kubwa kuliko akili ya aliyekuwa akiziendesha, yaani miye.

Majina sikuyatoa mie, mtaa ndio uliyatoa, na mtaa ukishatoa jina huna pa kwenda kulalamika.

Bi Mkubwa kaniachia kaka yangu alipokwenda Maskati. Akanambia, "Chukua, huko nnakokwenda ntaendesha gari za matajiri." Bi Mdogo nkamnunua mwenyewe, kwa biashara yangu ya kuuza makava na chaja za simu pale Darajani. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: huyu wa pili awe wa vipuri tu, kikiharibika kitu kwa Bi Mkubwa nnachomoa kwa mwenziwe. Ikawa kila siku nnachomoa kwa huyu nnampa yule, kesho yake nnachomoa kwa yule nnamrudishia huyu. Sikuwahi kuwa na gari mbili. Nlikuwa na gari moja iliyokuwa ikihama mwili.

Na nguvu zote zile za nini? Kisiwa hichi ukikanyaga mafuta sawasawa kinakwisha. Unatoka mjini, unajisahau kidogo, ushafika baharini. Na hapo katikati kuna matuta, kuna watoto wanatoka madrasa, kuna gari ya ng'ombe imebeba mawe ya kujengea, kuna trafiki kakaa kivulini anakungojea kwa hamu kama anavyongojea chakula cha mchana. Kwa hiyo kazi ya nguvu zile ilikuwa kunguruma kwenye foleni ya Darajani. Muuza machungwa mmoja alikuwa kila nikipita ananiuliza, "Yakhe, hiyo gari yako inakasirika nini?"

Lakini nlizipenda. Mtu akipenda kitu kibovu, ubovu wenyewe anauona madaha.

Basi akaja msichana kwenye meza yangu kununua kava la simu. Mie nlipomuona tu, nkamuuzia kava lisiloingia kwenye simu yake, makusudi, ili arudi kubadilisha. Akarudi. Nkampa jengine lisiloingia. Mara ya tatu akaliweka kava juu ya meza, akanitazama hivi, akasema, "We kaka, hujui kazi au hujui kuposa?"

Nkamwambia, "Kazi naijua."

"Basi mwambie mtu mzima wako aje nyumbani," akasema, akaondoka na kava la sawa, na hakulilipia, na sikumdai.

Mtu mzima wangu ni shangazi. Ndiye aliyenilea, ndiye ninayekaa nyumbani kwake mpaka hapo, na ndiye mtu pekee niliyemuona akimpa Bi Mkubwa teke akaondoka moto ilhali fundi kashindwa. Nkamweleza. Akauliza ni wa nyumba gani, nkamwambia. Akashika kiuno.

"Wa nyuma ya msikiti? Baba yake yule mstaafu wa bandarini, mwenye mgongo?"

"Huyohuyo."

"Maskini mwanangu," akasema. "Yule unamuamsha wewe kila alfajiri kabla muadhini hajakohoa."

Hata hivyo akavaa buibui lake la sherehe, akachukua wanawake wenzake, akaenda kupeleka posa. Mie nkabaki nyumbani nnaosha gari, nkimaliza nnaanza upya. Shangazi aliporudi, kabla hata hajavua viatu alikuwa keshaanza kucheka, na hakuwa akitaka kucheka, alikuwa anajizuia, bega linapanda linashuka.

"Kakataa?" nkauliza.

"Hajakataa. Kasema kijana anamjua, tena anamsikia anavyoamka. Kasema hana neno na wewe. Lakini," na hapo akakaa chini kabisa, "kasema binti yake hendi uke wa tatu."

"Uke wa tatu?"

"Kasema, 'Kijana tayari anao wake wawili. Mmoja kila siku hospitali, wa pili anakula mafuta kama meli. Sasa wangu mie ataingia zamu gani?'"

Nkampigia simu msichana mwenyewe, nikitaraji atanionea huruma. Hakunionea.

"Baba kasema kweli," akanambia. "Juzi nimekupigia ukanambia, 'Siwezi kuongea, nimelala chini ya Bi Mdogo.' Nilikata simu nkasema astaghafirullah."

"Nlikuwa nabadilisha bomba la moshi!"

"Nnajua. Lakini mama alikuwa kakaa hapa pembeni, naye alisikia, na yeye hajui habari za bomba." Kisha sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Kuna watu wa Fuoni wanaulizia, wana kijana wao fundi umeme. Baba hajawajibu. Ukiwapa talaka hao wake zako, wape sasa. Ukishindwa, nambie, nisikae nnangojea."

Hapo ndipo mzaha ulipoisha. Mie nacheka na kila kitu, lakini neno "nisikae nnangojea" nlilala nalo nkaamka nalo.

Mwenzangu wa meza ya pili pale Darajani akanielekeza kwa bwana mmoja wa Matemwe mwenye nyumba ndogo ya wageni. Bwana huyo alikuwa na gari dogo la wazi, la watu wawili, na alikuwa anataka kubadilishana na gari kubwa za michezo za zamani. Nkampigia, nkamwambia ukweli kuwa zangu mbili zinatembea kwa zamu. Akanambia, "Kwangu mie hazina haja ya kutembea. Nnataka zisimame mbele ya geti, wageni wapige picha."

Nkafikiri: kazi hiyo wanaijua vizuri.

Tukawapeleka siku moja. Bi Mkubwa mbele, Bi Mdogo nyuma kafungwa kamba, na yule mwenzangu ndani yake kashika usukani anasoma dua kila tuta. Njia nzima watu wanatoka kutazama. Pale Kinyasini mama mmoja alitupigia kigelegele, kadhani harusi. Mwenzangu akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Talaka, bi mkubwa, talaka!"

Gari lenyewe nkalikuta chini ya mnazi, na nlipoliona nkacheka. Dogo! Kijani, rangi ya ndimu mbichi, paa lake turubai unalikunja kwa mkono kama unavyokunja mkeka. Ukikaa ndani, matako yapo karibu na lami kiasi kwamba ukikanyaga ganda la muwa unalijua. Mashine yake ukiiwasha inalia kama cherehani. Nkamuuliza yule bwana, "Hii inakwenda?"

Akanambia, "Ipande."

Wallahi nlipotoka pale, turubai limekunjwa, upepo wa pwani unanukia mwani unaoanikwa, nkaelewa nlichokuwa nakikosa miaka yote. Na Bi Mkubwa nlikuwa nakwenda kasi ya kutisha sihisi kitu ila hofu, nasikiliza kila mlio: huu wa nini, huu jana haukuwepo. Na hichi kidude, spidi arubaini unajihisi umeiba ndege. Kona ya Mkwajuni niliipiga, nkageuza, nkairudia, kwa sababu tu ilikuwa tamu. Ng'ombe wakiwa njiani unawapita pembeni, unawasalimia. Tuta unalipanda unashuka, hakuna kitu chini kinachosaga. Na mafuta haili. Nlifika mjini nkatafuta sababu ya kutoka tena. Nkaenda kununua boflo. Nkarudi, nkakumbuka sikununua siagi, nkaenda tena. Shangazi akasema, "Hii familia ya watu wawili, mkate wote huu wa nani?"

Nkaapa gari hii siipi jina, na wala mtaa hauipi jina la kike mbele yangu.

Siku ya pili, baada ya laasiri, nkaipeleka moja kwa moja nyuma ya msikiti. Baba wa msichana alikuwa barazani na wazee wenzake wanakunywa kahawa. Nkaizima mbali kidogo kwa adabu, ingawa hata ikiwaka haimuamshi paka.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote, macho kwenye gari.

"Mzee," nkasema, "wale wawili nshawaacha. Talaka tatu, hakuna rejea. Sasa nna hii tu."

Akainuka, mkono mmoja kwenye kiuno maana mgongo ulikuwa unamsumbua tangu enzi za kubeba magunia. Akaizunguka gari polepole. Akagusa turubai. Akachungulia ndani. Akazunguka tena, kama kuna kitu kimempotea.

"Wengine wanakaa wapi?" akauliza.

"Wepi, mzee?"

"Wengine. Mama yake. Mdogo wake. Mtu wa kufuatana nanyi."

Nkageuka kuitazama gari. Jamani, haikunipitia akilini hata kidogo. Nimetafuta gari isiyopiga kelele, isiyolala hospitali, isiyokula kama meli, na kwa akili zangu timamu nimekwenda kuchukua gari ambayo mchumba wa mtu hawezi kuipanda ila awe peke yake na mimi. Kwetu huku wachumba hawatoki wawili. Lazima awepo wa tatu, hata akiwa mtoto analamba askirimu nyuma. Na gari yangu haina nyuma.

"Ulipokuwa na wake wawili," akasema yule mzee, "angalau kulikuwa na viti vya nyuma."

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja kahawa ikampalia.

"Sasa umeleta gari ambayo mtu wa tatu anakaa juu ya boneti. Tena wazi! Mngejificha nisingependa, na sasa mnajianika sipendi vilevile."

Nkatazama dirisha la ghorofani. Pazia likatikisika. Nkajua yupo pale anasikiliza, na nkajua huenda fundi umeme wa Fuoni ana gari ya viti saba.

Mzee akarudi kukaa, akanywa kahawa yake yote mpaka kwenye machicha. Kisha akauliza, "Kiti hichi cha kwanza cha nani?"

"Changu, mzee."

"Na cha pili?"

"Cha," nkasita, "cha binti yako, inshallah."

"Binti yangu yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko ndani kwako."

"Basi na kiti chake kikae kwangu," akasema. "Kifungue. Siku ya nikaha utakuja kuchukua vyote viwili. Mpaka siku hiyo, kiti hichi kikiwa hapa barazani, posa yako nimeipokea. Ukikiona kipo nje ya mlango wangu, ujue nimeirudisha."

Nlidhani anafanya mzaha. Hakuwa. Akaagiza spana kutoka ndani. Nkalala pale mbele ya wazee wa mtaa, nkafungua bolti nne, nkatoa kiti cha mchumba wangu nkakipandisha barazani kama napeleka mahari. Bolti akazichukua yeye, akazitia kwenye kopo tupu la halua.

Kisha akakaa juu ya kiti, ati kukijaribu tu, ajue kama si kibovu. Akaegemea. Uso wake ukabadilika. Akaegemea zaidi. Wazee wakaweka vikombe chini.

"Mgongo," akasema polepole, "hauumi."

Kuanzia siku hiyo mie nkawa na gari ya mtu mmoja, na baba mkwe akawa na kiti cha gari ya michezo. Mimi na yeye, mwenye raha alikuwa yeye.

Pale Darajani walinila mzima mzima. "Yakhe, huyo abiria wako kaanguka wapi?" "Si umesema umeacha wawili, mbona umebaki hata kiti huna?" Yule muuza machungwa akanipa jina la Mjane. Siku moja trafiki akanisimamisha, mtu mzima mnene, akachungulia ndani akaona tundu nne za bolti na zulia.

"Kiti kiko wapi?"

"Kwa mkwe, afande."

"Kakifanyaje?"

"Kakikalia, mpaka siku ya nikaha. Anaogopa ntampakia binti yake."

Afande akanitazama, akaitazama gari, akairudisha leseni. "Nenda," akasema. "Hii kesi ya kadhi, si yangu."

Usiku tukiongea kwenye simu, mchumba wangu alikuwa ananipa habari za kiti kama mtu anayesimulia habari za mgonjwa aliyepona. Baba kaamka nacho. Baba kakihamishia kivulini jua lilipogeuka. Wazee wa baraza wote ghafla wana mgongo, wanaweka zamu, na mmoja kanuniwa kwa kukaa zaidi ya kikombe kimoja. Mama kaomba kukaa akaambiwa kiti cha amana hakikaliwi ovyo.

"Na wewe umekikalia?" nkamuuliza.

"Miye? Kiti ni changu na sijakigusa. Huko ndo kuolewa na wewe, nshaona mwanzo wake."

Basi, siku zikaenda vizuri mpaka shangazi alipotaka kwenda sokoni kununua vitu vya harusi. Nkamwambia, shangazi, gari haina kiti. Akanambia, "Mie siku zote nimekaa kwenye vibao vya mbuzi nnakuna nazi, unaniogopesha na kiti?" Akachukua ndoo ya plastiki, akaipindua, akaiweka kwenye tundu la kiti, akaketi. Kwa sababu ya vumbi na gari kuwa wazi, akajifunika uso na ushungi, yakabaki macho. Na kwa kuwa kila kona ndoo inateleza, akawa ananishika bega, anapiga kelele za kuchekesha, "Polepole we mtoto, utanimwaga!" Tumepita Michenzani tunacheka kama wehu. Pale kwenye mnada wa samaki alikuwepo nani? Baba mkwe, na samaki changu wawili mkononi.

Mie sikumuona. Yeye katuona. Na gari ya kijani cha ndimu kisiwa kizima ipo moja, sikuweza hata kusema ilikuwa ya mwengine.

Simu ikaja kabla hatujamaliza kuteremsha viazi.

"Baba kakitoa kiti nje ya mlango," akanambia. Hakuwa na mzaha hata chembe. "Kasema, 'Kiti nnacho mie, sasa huyo mwanamke kakalia nini?' Umempakia nani?"

"Shangazi!"

"Shangazi anakushika bega anacheka hivo?"

"Wewe humjui shangazi!"

"Mie nnakuamini," akasema. "Lakini kiti kipo nje. Na wale wa Fuoni wanakuja Ijumaa."

Nkaviacha viazi njiani. Nkatafuta funguo, nkaona shangazi keshatoka, na ndoo mkononi, anakwenda kwa miguu na hangojei mtu. Nkamfuata. Kiti nlikiona tangu mbali, peke yake kwenye vumbi kando ya mlango, kimegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Baba mkwe alikuwa kakaa kwenye sakafu ya baraza, kapinda, mkono kiunoni, na uso wa mtu anayeumwa sehemu mbili.

Shangazi hakusubiri hodi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nitazame vizuri." Akajifunika ushungi, yakabaki macho. "Ndiye mie? Huyu ndiye hawara uliyemuona?"

Mzee akatazama. "Alikuwa anacheka," akasema.

"Utacheka na wewe ukikalia hii!" Akainyanyua ndoo, akawaonesha wazee chini yake. Imepasuka, ufa kutoka huku mpaka huku. "Tazameni. Hii imepasukia kwenye tuta la Michenzani. Na mie nilivyopasuka huko sikuoneshi, tuna heshima zetu."

Yule mzee wa siku ile kahawa ikampalia tena. Akaanza kucheka mmoja, wakafuata wote, hadi baba mkwe akafunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika, huku analia, "Mgongo, msinichekeshe, mgongo wangu!"

"Basi kirudishe kiti chako," shangazi akamwambia.

Akainuka mwenyewe, haraka kuliko nilivyowahi kumuona. Akakipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu. Akakirudisha barazani, kisha kwa adabu akamkaribisha shangazi akae kwanza. Shangazi akakaa, akaegemea, akafumba macho.

"Loo," akasema. "Ndo maana umekirudisha mbio."

Wale wa Fuoni wakajibiwa kuwa binti keshaposwa.

Nikaha ikafungwa msikitini kwao, laasiri. Mie ndani ya joho na kilemba, upanga wa kuazima kiunoni, gari imefungwa vikuba, vile vishada vya asumini, mpaka kwenye vioo vya pembeni. Nikaja nyumbani kwao, nikaingia ndani nikampa mke wangu mkono, wanawake wakapiga vigelegele, nikatoka nje kumngojea aagane na mama yake. Kilichobaki kiti tu. Na juu ya kiti, kanzu mpya, kofia mpya, kakaa baba mkwe.

"Shikamoo, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivo.

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua amana."

"Amana si ushapewa? Nimekushika mkono mbele ya shekhe."

"Bado kiti."

"Kiti," akasema, kama neno hilo analisikia leo. "Siku ya harusi watu hukodi gari za viti vingi."

"Gari nnayo, baba."

"Lazima leo?"

Shangazi akaingilia, "Mzee mwenzangu, inuka."

"Nnainuka. Nani kasema siinuki?" Na hakuinuka. Wazee wakacheka, mmoja akasema mwacheni na mgongo wake. Mie nkasogea nimshike mkono, na hapo akanivuta chini kidogo, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya barazani, "Kikiondoka hapa hichi, ndo keshaondoka."

Nkasimama tu na upanga wangu kama mpumbavu.

Mlango ukafunguka. Bibi harusi kasimama, shela lote, hina mpaka viwikoni, udi unamtangulia. Akamtazama baba yake kama alivyonitazama mie siku ile ya kava la tatu.

"Baba," akasema, "umekalia kiti changu."

Akainuka. Mzee alikataa kusaidiwa. Kakibeba kiti mwenyewe mpaka kwenye gari, kalala na kanzu yake mpya, mgongo na yote, katoa bolti kwenye kopo la halua, kumbe alikuwa kazipaka mafuta ya nazi zisishike kutu. Akazikaza. Akamaliza, akarudia kuzikaza, mpaka nkahisi gari inainama upande. Akakitikisa kiti kwa mikono miwili, hakikutikisika, akamfungulia binti yake mlango.

Akaingia. Na shela likaingia, na shela halikwisha. Likajaa gari yote, likanipanda mapajani. Nkawasha. Nkatia gia ya kwanza maana ya kwanza naijua hata nikiwa kipofu. Tukaanza kutembea, watu wanapiga makofi, nkatafuta ya pili.

"Hiyo si gia," mke wangu akasema.

"Nini?"

"Goti."

"Na hii?"

"Upanga wako. Tazama mbele."

Tukawa tunakwenda mwendo wa mtu anayerudi msikitini. Watoto wanatupita kwa miguu, shangazi anatupita, mpiga ngoma anatupita kisha anarudi kutungojea. Na pembeni, mkono umeshika juu ya mlango upande wa binti yake, baba mkwe anatembea nasi, kanyooka, hatazami huku wala huku. Hakuna aliyemwambia aachie. Tumekwenda hivo uchochoro wote, mpaka pale njia inapokutana na lami.

Hapo akasimama. Akaupiga mlango kidogo kwa kiganja, akauondoa mkono.

"Haya," akanambia. "Sasa itafute ya pili."